Mtoto Asiachwe Njiani: Namna ya Kuunganisha Huduma za Afya ya Akili kwa Watoto Wetu wa Likoni

Mwongozo huu ni wa mtu aliye mtaani: mwalimu wa shule, maalim wa madrasa, mama wa chama cha akina mama, mzee wa nyumba kumi, yeyote anayemwona mtoto amebadilika na hajui aanzie wapi. Mimi ni Mdigo wa Mtongwe, hapa Likoni, Mombasa, na ni mhudumu wa afya ya jamii. Nyumba ninazozipitia ni kama mia moja, na watoto wake wengi ni wa Kimijikenda: Wadigo na Waduruma kwa wingi, Wagiriama na Warabai wachache, wakichanganyika na watoto wa Kiswahili, wa Kikamba na wa bara. Ninayoyaandika nimeyaona milangoni mwao na kwenye mabenchi ya kusubiri daktari.

Likoni haikosi watu wa kumsaidia mtoto aliyelemewa. Tuna zahanati, tuna hospitali ya kaunti ndogo, walimu wa ushauri nasaha, afisa wa watoto, dawati la watoto polisi, maimamu, wachungaji, wazee wa kaya, na mabibi. Kila mmoja ana kipande chake. Mtoto hupotea katikati ya vipande. Mwalimu kamwambia mama ampeleke zahanati. Mama siku hiyo alikuwa na kibarua, hakwenda. Zahanati haikujua kuna mtoto wa kungojewa. Mwalimu naye akaona yameshashughulikiwa. Muhula unakwisha, mtoto yuko pale pale, na kila aliyeulizwa anasema alifanya lake. Basi kanuni ninayoisimamia ni moja: aliyempokea mtoto hamwachi mpaka mwenzake athibitishe kwamba amempokea. Ukimtua mtu ndoo ya maji kichwani, yeye haiachii mpaka ameona mikono yako imeshika. Ni vivyo hivyo.

Kuna nchi iliyojifunza kanuni hii kwa msiba. Jordan River Anderson alizaliwa Kanada mwaka 1999, mtoto wa Norway House Cree, jamii asilia ya jimbo la Manitoba. Alizaliwa na maradhi mazito, akakaa hospitali. Madaktari waliposema anaweza kwenda kulelewa nyumbani, serikali ya taifa na serikali ya jimbo zikaanza kuvutana nani agharimie. Mvutano ukapita miaka miwili. Jordan alifariki mwaka 2005, ana miaka mitano, hajaishi nyumbani hata siku moja. Desemba 2007 Bunge la Kanada likapitisha kile kinachoitwa Kanuni ya Jordan: ofisi ya kwanza kufikiwa na mtoto ndiyo imhudumie, na habari ya nani alipe zizungumzwe baadaye. Siku hizi familia za jamii asilia huko huitumia kanuni hiyo kudai hata huduma za afya ya akili za watoto wao. Sisi hatuna sheria yenye jina hilo, lakini Kifungu cha 53 cha Katiba yetu kinasema maslahi ya mtoto hutangulia katika kila jambo linalomhusu, na Sheria ya Watoto ya 2022 imelirudia hilo. Hakuna wa kutuzuia kuifanya kazi ya Jordan hapa Likoni.

Mjue mtoto anatoka wapi

Usianze na fomu. Anza na ukoo. Kwa Wadigo, na hata kwa Waduruma, mjomba ana sauti kubwa juu ya mtoto wa dada yake; urithi wa zamani ulipita upande wa mama, na ijapokuwa Uislamu na sheria vimebadilisha mengi, mjomba bado husikilizwa. Nimeona mipango mizuri ikikwama wiki nzima kwa kuwa baba alikubali, mama alikubali, na mjomba aliyeko Ukunda hakuulizwa. Kwa hiyo swali langu la mapema kabisa ni hili: mjomba wake ni nani, na namba yake ya simu iko kwa nani? Kwa Wagiriama utakuta mambo yanaelekea zaidi upande wa baba. Usiseme Mijikenda ni wamoja ukapita. Wako tisa na kila nyumba ina taratibu zake.

Halafu sikiliza mizigo ambayo haiandikwi popote. Wazazi wengi wa watoto hawa walikuwa wadogo feri ya Mtongwe ilipozama Aprili 1994 na kuua watu zaidi ya 250, na walikuwa wadogo vurugu za Likoni zilipolipuka Agosti 1997. Ziko nyumba ambazo hazijawahi kuyazungumza hadi leo. Mama akishika mkono wa mtoto kwa nguvu kila feri inapoondoka, na hasemi kwa nini, mtoto naye hujifunza kuogopa asichokijua. Kuna wanaoishi kwenye ardhi bila hati, wanaolala wakisikiliza kama kesho wataamshwa na tingatinga. Kuna watoto wa Kipemba ambao wazazi wao walitambuliwa kuwa Wakenya mwaka 2023 tu, na wengine bado wanahangaikia cheti cha kuzaliwa, na bila cheti mtoto hujiona hana mahali hata shuleni. Na kuna watoto wengi, wengi sana, ambao mama zao wako Saudia wakifanya kazi za nyumbani. Huyu wa mwisho ndiye ninayekutana naye kila mara.

Mtoto wetu haji akakwambia ana sonona, yaani huzuni nzito isiyomtoka. Atakwambia kichwa kinauma, tumbo linakata, moyo unakimbia, usingizi hauji. Mvulana atakuwa mkali, ataanza kushinda na wakubwa wanaotafuna muguka. Msichana atanyamaza, au ataanguka. Muulize kwa lugha anayoitumia na bibi yake. Kiswahili cha shuleni ni cha kujibu maswali ya mwalimu; mtoto aliyeulizwa kwa Kidigo nimemwona akizungumza kitu kingine kabisa.

Tembea kabla ya kuitisha mkutano

Watu wengi huanza na mkutano, wakaalika ofisi zote, wakapiga picha. Mimi nasema tembea kwanza. Pita nyumba kwa nyumba, kisimani, kwenye foleni ya feri, penye mama wauza mahamri asubuhi, ukaulize swali moja: mtoto akilemewa hapa kwenu, mnampeleka kwa nani? Watakutajia watu, si ofisi. Watataja bibi fulani, maalim fulani, mwalimu wa kike wa shule fulani, muuguzi mmoja mwenye roho nzuri, na mganga. Hao waliotajwa na wengi ndio utakaoanza nao. Waulize watoto pia, mbali na wakubwa, nani wanamwamini. Majibu yao mara nyingi hayafanani na ya wazazi.

Kwa kila mtu na kila ofisi andika mambo ya kweli ya kutumika: yupo siku gani, anayeshika simu hasa ni nani, anazungumza lugha gani, inagharimu nini kufika kwake, na akiwa hayupo nani anashika nafasi. Afisa wa watoto wa kaunti ndogo ana eneo kubwa na watumishi wachache. Ukijua siku anayokuwa ofisini hutampotezea mama nauli. Sheria ya Watoto imeweka pia kamati za ushauri za watoto katika kaunti na kaunti ndogo. Muulize afisa kamati yenu inakaa lini, maana hapo ndipo jambo lililokushinda mtaani linapopata mlango wa juu.

Meza ndogo

Watu saba wanatosha. Wangu ni mwalimu wa ushauri nasaha, muuguzi wa zahanati, maalim mmoja, mchungaji mmoja, mzee wa mtaa, mama wa chama na mimi. Afisa wa watoto na polisi wa dawati huitwa jambo linapowahusu. Wakikaa kila mara, watu hunyamaza. Tunakutana mara moja kwa mwezi, Jumamosi baada ya alasiri, kwa sababu Ijumaa maalim hana nafasi, Jumapili mchungaji hana nafasi, na asubuhi akina mama wako sokoni.

Zungumzeni posho siku ya kwanza, waziwazi. Watu wa kwetu wamezoea kwamba mkutano una bahasha, na si kosa lao, wamezoezwa na miradi. Mkisema tangu mwanzo kwamba hapa hakuna posho, ila aliyetoka mbali atarudishiwa nauli na chai ipo, wataondoka wale wa kuondoka na watabaki wale wa kazi. Sisi tuna chai ya mkandaa, mahamri, na mbaazi akijitolea mtu.

Meza hii si mahakama, na si mahali pa kusimulia maisha ya watu. Kila mtoto anapotajwa, maswali ni matatu tu: nani anamshika sasa, nani anafuata, lini. Mtu akianza "unajua yule mama yake naye alikuwa…", mkatize kwa heshima.

Daftari

Chombo chetu ni daftari la kawaida la mistari, na hukaa kwenye kabati la kufuli zahanati. Mtoto ana namba, hana jina. Orodha ya majina na namba iko mahali pengine, na wanaoijua ni wawili. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushika habari za mtoto, sisi tunaomba idhini hiyo, na tunamuuliza mtoto mwenyewe pia, hata akiwa na miaka minane: "Naweza kumwambia mwalimu wako hili? Lipi nisimwambie?" Kundi la WhatsApp lipo la kupanga saa za kukutana tu. Jina la mtoto halipiti humo, wala picha, wala sauti. Mtaa ni mdogo. "Yule mtoto wa nyumba ya kona" tayari ni jina.

Nikuonyeshe linavyofanya kazi, nikiwa nimebadilisha yale yanayoweza kumtambulisha. Msichana wa gredi ya sita alikuwa akianguka darasani. Wenzake wawili wakaanza kuanguka naye. Shule ikasema pepo, wazazi wengine wakataka atolewe. Mwalimu akanipigia. Ukurasa wake ulianza hivi:

M-7. Anaanguka darasani, zaidi saa nne asubuhi. Anamshika: mwalimu wa ushauri. Anafuata: tabibu wa zahanati, Jumanne, anasindikizwa na shangazi. Amepokewa? Ndiyo, tabibu amepiga simu saa tano.

Kwa tabibu tulianza na mwili. Mtoto anayeanguka huenda ana kifafa, malaria, upungufu wa damu au selimundu (sickle cell), ambayo hapa Pwani si ngeni. Tulimuuliza mwalimu aliona nini hasa. Je, viungo vilitikisika? Aliuma ulimi? Alijikojolea? Aliamka amechanganyikiwa, asijue yuko wapi? Ukipata "ndiyo" kwenye hayo, fikiria kifafa na umwahi daktari, maana kifafa kina dawa na watoto wengi wamecheleweshwa kwa kusomewa peke yake. Kwa M-7 majibu yalikuwa hapana. Damu ilikuwa pungufu kidogo, akapewa vidonge vya madini ya chuma. Kilichobaki kilijulikana shangazi alipokaa nje na mimi nikakaa naye ndani. Mama yake alikuwa Saudia. Yeye ndiye alikuwa akiamka alfajiri kuwapikia wadogo zake uji, kuwaogesha, kuwapeleka, kisha kukimbia shule bila kula. Simu ya mama ilikuwa haijalia tangu mfungo wa Ramadhani. Usiku alikuwa halali, anaingojea.

Ukurasa ukaendelea. Mjomba: amepigiwa, atakuja Jumapili. Bibi: atahamia nyumbani kwa muda. Mwalimu: anaruhusiwa kufika shule saa mbili, uji wa saa nne apewe wa kwanza. Maalim: anampunguzia kuhifadhi, anampa kazi ya kuwasomesha wadogo alifu, maana anaipenda. Mama wa chama: anatafuta njia ya kumpata mama kupitia wenzake walioko huko. Mnasihi wa hospitali: miadi imechukuliwa, nauli itatoka kwenye mfuko wetu wa nauli. Kila mstari ulikuwa na mtu, na kila mtu alikuwa na siku. Shule ikaambiwa na mwalimu wa ushauri kwamba wenzake wawili walianguka kwa hofu, kwamba hofu huenea kwa watoto wa darasa moja kama wanaona wakubwa nao wameogopa, na kwamba dawa yake ni utulivu, si kumtoa mtoto. Wale wawili wakaacha. M-7 aliendelea kuanguka kwa muda, mara chache zaidi, na simu ya mama ilipopatikana akalala usingizi wa kweli. Bado yuko kwenye daftari.

Wazee, maalim na waganga

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo miradi mingi huvunjika. Familia inayomwona mtoto haongei, halali, anazungumza peke yake, itakwenda kwa maalim na kwa mganga kabla ya kuja kwetu. Ukiwadharau utawapoteza wote, mtoto pamoja nao. Nenda ukawasalimie kwao. Kaa chini walipokaa. Waulize wanaona watoto wa namna gani, na wanafanya nini anayewashinda. Wengi watakwambia wazi kwamba wapo wanaowashinda.

Tulikubaliana nao haya: mtoto hafungwi, hapigwi, hafukizwi moshi mpaka akakosa pumzi, hanyimwi chakula, na hakatizwi dawa ya hospitali. Kombe, yale maji ya maandishi ya Kurani, anywe, dua asomewe, vidonge vyake aendelee navyo. Na mtoto asiyepata nafuu wiki moja, au mwenye homa, au aliyeanguka kwa kutikisika, anatumwa kwetu siku hiyo hiyo. Sisi kwa upande wetu tuliahidi kutomcheka mzazi aliyetoka kwao wala kumgombeza. Mganga mmoja hakukubali habari ya minyororo. Tulimwambia mbele ya mzee wa mtaa kwamba hilo ni kosa la jinai na tutamripoti, na tulimaanisha. Heshima kwa mila haina maana ya kumwacha mtoto na kidonda cha kifundo cha mguu.

Lakini usiwaendee wazee kwa kuwazuia tu. Wana kitu ambacho hospitali haina. Misitu mitakatifu ya Kaya za Mijikenda iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, na wageni hutoka mbali kuja kuitazama. Mtoto wa Mtongwe anayecheka lafudhi ya bibi yake hajui hata jina la mbari yake. Kwetu mtoto huitwa jina la babu au bibi, na jina hilo lina habari zake. Tulimwomba bibi mmoja awakusanye watoto Jumamosi jioni awaambie kila mmoja jina lake limetoka kwa nani, huyo mtu alikuwa wa namna gani, alivuka shida ipi. Baadaye akaja mzee akawafundisha sengenya, ngoma yetu Wadigo. Watoto walionyamaza miezi nimewaona wakiuliza maswali pale. Siwezi kusema ngoma inatibu sonona, na asikudanganye mtu kwamba inatosha. Ila mtoto anayejua ni wa nani hubebeka kwa urahisi zaidi na mnasihi.

Mambo ya siku hiyo hiyo

Mambo mawili hayangoji mkutano wala daftari.

La kwanza ni mtoto anayesema, au anayeonyesha, kwamba hataki kuishi. Muulize waziwazi: "Umefikiria kujiua?" Swali hilo halimtii wazo kichwani, humfungulia mlango. Asiachwe peke yake hata chooni. Ondoa nyumbani sumu ya panya, dawa za kilimo, kamba, visu, na vidonge vyote vya wakubwa. Mpeleke hospitali siku hiyo, ukifuatana naye mwenyewe mpaka daktari amemshika. Namba ya 116 ya Childline Kenya ni bure na hupokelewa usiku na mchana. Ipige mbele ya mzazi ili naye ajifunze. Familia nyingi huficha kwa kuogopa polisi, kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa chini ya Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Waambie kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Mtoto anapelekwa kutibiwa, hapelekwi kufungwa.

La pili ni mtoto aliyedhulumiwa kimwili kwa ngono. Usimwogeshe, usifue nguo zake. Zitie kwenye mfuko wa karatasi au khanga safi. Afike hospitali upesi, kabla ya saa 72 kwisha, ili apewe dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, na mapema ni bora kuliko mwisho wa saa hizo. Kisha dawati la jinsia na watoto, na afisa wa watoto. Na hapa, wazee wangu nawaheshimu, hakuna kumalizana nyumbani. Hakuna mbuzi, hakuna faini, hakuna ndoa ya kuficha aibu. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 haikumpa mzee yeyote mamlaka ya kuisuluhisha kesi hiyo. Kwenye meza yetu kila mmoja alilitamka hilo kwa mdomo wake, mbele ya wenzake, kabla ya kitu kama hicho kutokea. Ni vyema mfanye hivyo mapema, maana siku yenyewe mshukiwa huwa ni jamaa ya mtu.

Kuvuka ng'ambo

Zahanati ikishindwa, mtoto huandikiwa rufaa. Hospitali ya Port Reitz, Changamwe, ina kitengo cha afya ya akili, na Hospitali Kuu ya Pwani iko kisiwani. Kwa mkaazi wa Likoni maana yake mara nyingi ni kuvuka feri. Kwa miguu feri ni bure. Matatu za upande wa pili si bure, na kibarua cha siku kimepotea. Miadi hupotea hapa kuliko mahali pengine popote, kisha faili ikaandikwa "hakufika" kana kwamba mama hajali. Wekeni mfuko wa nauli. Wetu unatoka kwa chama cha akina mama, sadaka ya msikiti na sahani ya kanisa, na unashikwa na mama mmoja asiyeogopa kuulizwa hesabu.

Andikisha familia kwenye SHA, bima ya afya ya serikali, mapema, kwa kubonyeza *147#, kabla mtoto hajaugua. Utahitaji kitambulisho cha mzazi na cheti cha mtoto. Asiye na cheti, hiyo ni kazi ya kwanza ya mzee wa mtaa na chifu, waifuatilie wao. Mzazi asibebeshwe peke yake.

Siku ya safari, msindikizaji awe mtu ambaye mtoto anamjua. Abebe karatasi fupi: nini kimeonekana, tangu lini, dawa anazotumia pamoja na za kienyeji, nani anabaki naye nyumbani. Kabla ya kuondoka kwa daktari, aulize mambo haya: dawa hii ni ya nini, italeta usumbufu gani, nikiona nini nirudi haraka, na nani hapa nimpigie. Akirudi apite zahanati, habari zile zisibaki kichwani mwake. Niliwahi kumwona mtoto aliyeandikiwa vidonge vya kila siku akivimeza kwa juma moja tu, kwa sababu nyumbani walidhani ni kama dozi ya malaria. Muuguzi akajua siku aliyozidiwa.

Shule zinapofungwa

Mipango mingi ya watoto imefungwa kwenye shule, na shule hufungwa Aprili, Agosti na likizo ndefu ya Novemba na Desemba. Hapo mwalimu huondoka kwenda kwao, uji wa saa nne hukoma, na vijana wakubwa mtaani wana nafasi yote. Wiki mbili kabla ya kufunga, pitieni daftari mstari kwa mstari. Mahali palipoandikwa "anamshika: mwalimu", futeni muandike mwingine: maalim, bibi, mama wa chama, mimi. Mtoto mwenyewe aambiwe kabla ya siku ya kufunga, na apelekwe akasalimiane na mtu huyo, mwalimu akiwepo. Anayetumia dawa ahesabiwe vidonge vya kutosha mpaka miadi inayofuata. Aliye na mama Saudia apangiwe simu itakayopokelewa na nani, siku gani. Na mwalimu asiondoke mpaka amesikia kwa masikio yake: "Ninaye."